Mahashi ya Kununua

Madamu Ivon hakuwa mtu wa kutulia. Mumewe, Wadia, alikuwa na mzaha wake wa miaka nenda rudi, kwamba siku ya kiyama, wakati wafu wote wamelala wanangoja parapanda, mkewe atakuwa ameshaamka zamani anafagia kaburi. Ivon hakuucheka mzaha huo. Mtu unayemfulia soksi hana haki ya kukuchekesha.

Alikuwa karani wa serikali, ghorofa ya tatu, chumba kimoja na wanawake wenzake wa makamo. Asiyeijua Kairo angedhani chumba kile kilikuwa cha hati za majengo. Hati zilikuwepo, sikatai, tena zilijaa vumbi juu ya meza. Lakini chini ya meza, mapajani, palikuwa na jiko la pili la mji huu. Huyu anachambua mlenda jani baada ya jani huku anamwambia mwananchi arudi kesho. Yule anakomba mamumunye kwa kile kijisu chembamba, atoe nyama ya ndani bila kutoboa ganda, huku sikio liko kwenye simu. Saa ya kutoka ikifika, kila mmoja alibeba mfuko wake wa mboga iliyokwisha kuandaliwa, akaenda nyumbani kuwasha moto tu. Ndivyo akina mama wa ofisini walivyozilisha nyumba zao bila kufa.

Kisha akaja meneja mpya, kijana wa suti iliyopigwa pasi mpaka inakata. Akasimama mlangoni, akatazama maganda sakafuni, akasema, "Hii ni ofisi ya dola, mabibi, si genge la mboga." Wakamnunia mwezi mzima, wakamwombea mabaya yasiyozidi kiasi, lakini visu vikarudi nyumbani. Hapo ndipo Ivon alipoangukia mikononi mwa Umm Shauki.

Umm Shauki alikaa pale watu wanapotokea kutoka treni ya chini, mtaa wa Shubra, mgongo ukutani, masinia yamemzunguka. Alikuwa na vitunguu saumu vilivyomenywa, bamia zilizokatwa vikonyo, mlenda uliokwisha kupondwa ukafungwa mifukoni. Na juu ya vyote, malkia wa sinia, mahashi ya majani ya mzabibu, mchele na majani ya shibiti na nyanya ndani yake, yamekunjwa membamba kama vidole vya mtoto, yanangoja sufuria tu. Bei yake ilimfanya Wadia apige kelele tangu siku ya kwanza.

"Kwa bei hii," alisema, "huyo mama angekuja kabisa kututafunia."

"Wewe unaona nimenunua majani," Ivon akamjibu. "Mimi nimenunua mgongo wangu."

Na katika hilo mimi niko upande wa Ivon, tena sina aibu. Wanaume wanaolalamikia mboga iliyokatwa ni wale wale wasiojua kisu kinakaa droo gani. Kukunja mahashi ya familia moja ni kazi ya nusu siku, ukimaliza kiuno si chako, na chakula chenyewe kinaliwa kabla hujanawa mikono. Aliyeweza kulipa na alipe. Ila nina swali moja dogo, nalo Ivon hakuwahi kujiuliza. Ile nusu siku aliyoinunua, aliifanyia nini? Aliosha mapazia. Akimaliza mapazia, alipanga upya kabati la vyombo ambalo lilikuwa limepangika. Akikosa kabisa, alisimama kwenye roshani, akashusha kikapu kwa kamba ampelekee muuza mikate chini, akakipandisha, akakishusha tena kwa kuwa amesahau chumvi. Miguu ilimwasha. Kukaa bure alikuona kama wizi.

Sasa ikaja habari ya Irini.

Irini alikuwa binti yake wa mwisho, mwalimu wa watoto wadogo, mpole, mwenye kicheko cha ghafla ambacho siku hizi kilikuwa kimepotea. Alikuwa amechumbiwa na Abanub, mhasibu, kijana wa watu, na Jumamosi ile familia ya Abanub ilikuwa inakuja kula chakula cha mchana ili ipangwe tarehe ya kanisani. Wao ni Wakopti, Wakristo wa Misri, na Kanisa lao likishakuvika taji la ndoa, halikuvui. Pete ya uchumba inarudishwa, watu wanasema wiki mbili, wanachoka. Taji ni mpaka mauti. Kwa hiyo kama Irini alikuwa na neno moyoni, lilipaswa kutoka kabla ya Jumamosi kugeuka jioni.

Na neno alikuwa nalo. Ivon alijua, kama mama anavyojua. Binti alikuwa akivua pete kuosha vyombo, halafu pete inalala kando ya sinki mpaka usiku. Abanub akipiga simu, Irini anajibu "sawa," "sawa," "haya, sawa," kama anayepokea maagizo ya mkuu wa shule. Alikuwa anakula amesimama. Ivon alimuuliza akiwa kwenye sinki, akamuuliza akipita korido, akamuuliza kupitia mlango wa bafu, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: "Sina kitu, mama." Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Ivon alikuwa akiusubiri mshindo huo usiku kucha, akigeuka kitandani mpaka Wadia akahamia kwenye kochi.

Basi akapanga. Safari hii atanunua kila kitu, kila kitu kabisa, ili asubuhi nzima ya Jumamosi iwe wazi, akae na mwanawe uso kwa uso, amuulize taratibu mpaka aseme. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua anataka kuifanyia nini ile nusu siku.

"Leo sufuria nzima, Madamu Ivon?" Umm Shauki alimwuliza alfajiri ya Jumamosi. "Mnapokea wakwe au mnapokea jeshi?"

"Wakwe."

"Afadhali jeshi. Jeshi halichungulii unene wa mahashi."

"Umm Shauki, nakuomba. Wasijue."

"Mimi? Mimi kaburi, mpenzi. Nusu ya mabibi harusi wa Shubra wameozwa na mikono hii, na kila mama mkwe anaapa bibi harusi ndiye aliyepika." Akafunika sinia kwa kitambaa, akamwangalia usoni. "Mbona umekuwa hivyo? Mwenye harusi hafanani hivyo."

"Sijalala."

"Basi kalale! Umenilipa kwa nini kama si ukalale?"

Ivon akaenda zake mbio na sinia mikononi. Nyumbani alimpa Wadia koti lake, akamtuma mkahawani, naye Wadia hakubishana, kwa kuwa mtu aliyekuwa na busara hakubishana na Ivon siku ya wageni. Akapika chai. Akamwita Irini sebuleni, kwenye vile viti vya dhahabu vya wageni ambavyo nailoni yake haijavuliwa tangu vinunuliwe. Mama akakaa huku, binti kule, meza ya kioo katikati.

"Haya, mwanangu," akasema Ivon. "Tuzungumze."

"Kuhusu nini?"

"Chochote. Mimi leo sina kazi."

Irini akamtazama kwa mashaka, na haki yake. Alikuwa hajawahi kusikia maneno hayo katika nyumba ile.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nataka tu kujua hali yako. Moyoni."

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri, mama. Kuna namna ngapi za nzuri?"

Nailoni ikalia chini ya Ivon. Akaona alama ya kidole kwenye kioo cha meza, akaifuta kwa ncha ya gauni. Akaona nyingine. Akanyanyuka kuleta kitambaa, akajikumbusha, akakaa tena. Kila alipoinua macho alikutana na macho ya binti yake, na kila macho yalipokutana, uso wa Irini ulijifunga kama duka saa ya adhana.

"Abanub ni kijana mzuri," Ivon akajaribu.

"Ndiyo."

"Unamwonaje wewe?"

"Si umesema mwenyewe ni mzuri?"

"Irini, mimi mama yako nakuuliza!"

"Na mimi najibu! Unanikalisha hapa unanitolea macho kama polisi wa kituo cha Rod el-Farag, unataka niseme nini? Wageni wanakuja, gauni langu halijapigwa pasi." Akaondoka. Chai yake aliiacha haijaguswa.

Ivon akabaki na viti. Akaenda jikoni, na huko ndiko alikopata taabu ya kweli, kwa maana jikoni hakukuwa na kazi hata moja. Saladi imekatwa. Kuku ametiwa viungo na mwenye duka. Mahashi yamelala kwenye sinia safu kwa safu, mazuri, hayamhitaji. Mikono yake ikatafuta kitu cha kushika, ikashika ukingo wa meza. Akaona hofu, hofu safi isiyo na jina. Saa inakwenda. Wageni watakula, watafuta midomo, Abuna, padri wao, atapigiwa simu, tarehe itaandikwa, na mwanawe atasema "sawa."

Ndipo akamkumbuka mama yake, huko Asiyut, na shangazi zake, wamekaa sakafuni kulizunguka sinia la mchele, vichwa vimeinama. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kumkalisha mwenzake kitini akamuuliza habari za moyo. Lakini pale kwenye sinia yalisemwa yote. Ni pale shangazi mmoja aliposema kwamba mumewe anampiga. Ni pale Ivon mwenyewe, akiwa msichana, aliposema hataki kurudi shule ya watawa, na mama yake akajibu bila kuinua kichwa, "Kunja vizuri, mchele unatoka," na wiki iliyofuata hakurudishwa. Mtu husema akiwa na jani mkononi na hakuna anayemtazama. Yeye na Irini walikuwa hawajakunja jani moja pamoja tangu yule mwenye suti alipowafukuzia visu, maana mamumunye yalipokwenda kwa Umm Shauki, majani nayo yalifuata.

Ivon akachukua hashi moja, akalikunjua. Akachukua la pili. Kisha akalipindua sinia zima mezani, kama kichaa, akaanza kuyafumua majani ya Umm Shauki aliyoyanunua kwa bei ya kumliza mume.

"Irini! Njoo uone yule mwanamke alivyotuharibia!"

Irini akaja mbio, pasi mkononi. "Kuna nini?"

"Tazama unene huu! Hivi ni vidole vya mwashi. Mkweo Tanti Sonia akiviona tutakuwa hadithi kanisani mpaka Pasaka."

Irini akachukua moja, akaligeuza. "Mama, haya ni membamba."

"Membamba kwako. Vuta kigoda, tukunje upya."

"Umelipa mtu akukunjie, sasa unayakunjua, ukunje mwenyewe?" Binti akamkodolea macho, na kile kicheko chake cha ghafla kikamtoka puani. "Baba akijua hili atakufa."

"Ndiyo maana yuko mkahawani. Kaa."

Wakakaa. Jani mkononi, upande wenye mishipa juu, mchele kidogo, pindo huku, pindo kule, kunja. Mwanzoni Irini alikunja vibaya, vidole vimesahau. Ivon hakumwambia kitu. Aliyaweka macho yake kwenye jani na akaapa kwa Bikira kwamba hatayainua hata nyumba ikianguka. Sufuria ilipaswa kuwa motoni zamani. Miguu ilimwasha chini ya meza. Akaisigina moja kwa nyingine.

Irini akasimulia habari za mtoto wa darasani kwake aliyemleta kobe kwenye mfuko. Akasimulia mwalimu mkuu anavyokoroma kwenye mikutano. Kisha akavuta jani jingine, naye Ivon akavuta lake.

"Mama."

"Ee."

"Hivi wewe ulimpenda baba?"

"Jani lako limechanika, chukua jingine," akasema Ivon. Akakunja moja lake mpaka mwisho. "Nilimzoea. Kupenda kulikuja baadaye, siku alipolazwa hospitali nikaona kitanda ni kipana. Wako wengi hapa ambao kwao hakukuja kabisa."

"Abanub hana ubaya."

"Hana."

"Ananiheshimu. Ananipigia kila siku. Simtaki, mama."

Mchele ukamwagika kidogo. Ivon akaukusanya kwa kidole. "Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Basi ulisema ndiyo ya nini, mwanangu?"

Irini alikuwa anakunja haraka sasa, moja baada ya jingine, membamba, yamenyooka, mikono yake imekumbuka. "Kwa sababu umechoka," akasema. "Tangu niko mdogo ukiingia mlangoni unaweka mfuko chini unasema, 'Mungu nipunguzie.' Ukapunguza kupika, ukapunguza kila kitu, na bado hukai. Siku Tanti Sonia alipokuja kuniposa, nilikuwa koridoni nakusikia. Ulimwambia, 'Nikimvisha huyu taji, nitapumzika.' Nikaona hicho kitu naweza kukupa."

Mikono ya Ivon ikasimama. Alikuwa amesema hivyo, ndiyo. Kila mama wa Shubra husema hivyo, kwa kila mposaji, hata yule ambaye usiku atalia binti yake asiondoke. Ni maneno ya kupitisha chai. Hakuwahi kufikiri kwamba nyuma ya mlango kuna mtoto anayeyapima maisha yake kwa maneno yale, anajiona na yeye ni mzigo mmoja zaidi. Ikamuuma. Ikamuuma mahali ambapo hakuna kazi ya mikono ingefika.

Akainua macho, nadhiri au si nadhiri. Irini alikuwa analia bila sauti, mabega yametulia, na anakunja.

Kama Ivon angemsikiliza dada yake au jirani yake au mtu yeyote mwenye akili zake, angeambiwa funika kombe mwanaharamu apite, wageni wale kwanza, mambo yatatafutwa baadaye. Lakini Ivon hakuwa mtu wa baadaye. Alivuta simu kwa vidole vyenye mchele na mafuta, akambonyeza Sonia.

"Madamu Ivon!" Sauti ya Sonia ilikuja na kelele za watu nyuma yake. "Tuko ngazini tunateremka, dada! Abanub kabeba keki, nimemwambia akiiangusha asiingie kwenu!"

"Dada Sonia, msiteremke."

"Kwani vipi? Chakula kimechelewa? Usijipe presha, mwenzangu. Tutapitia kuku wa moto njiani, na wali wake, na saladi. Siku hizi nani anajitesa? Kila kitu kiko tayari, unalipa tu."

"Chakula kipo. Kimejaa meza." Ivon akashusha pumzi. "Binti yangu hataki, Sonia. Mwanao hana kosa lolote, nakuapia kwa taji la Bikira. Na wangu hana kosa. Mimi ndiye niliyekupa mkono kabla sijamuuliza yeye. Nimemuuliza leo."

Viatu kule ngazini vikasimama. Kisha Sonia akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mama kwa mama, "Unajua unachokisema, Ivon? Vijana wamekwisha kutangaziwa."

"Najua. Pete na zawadi zote nitampa Abuna mwenyewe awarudishie. Nitakuja nikuombe radhi nyumbani kwako, unifukuze ukitaka."

"Leo, Ivon? Na keki mkononi?"

"Leo. Kesho ningekuwa mwongo."

Sonia aliondoa simu sikioni. Ivon alimsikia akiwageukia wenzake, "Rudini juu," na sauti ya Abanub, "Mama, kuna nini?" na Ivon hakuikata simu. Aliisikiliza mpaka mlango wa kule ukafungwa, kwa kuwa aliona kama ameumiza mtoto wa mwenzake, asikie.

Alipoigeuza simu kioo kilikuwa kimejaa mchele. Irini alikuwa amesimama kando ya meza, uso umevimba.

"Nimekuaibisha," akasema.

"Umeniaibisha," akasema Ivon, maana hakutaka kumdanganya tena hata kwa dogo. "Jumapili nitapita mlangoni kanisani kama mwizi. Na baba yako atapiga kelele mpaka sikukuu." Akamvuta kwa mkono uliojaa mafuta, akamkumbatia kwa nguvu, gauni na mafuta na mchele vyote pamoja. "Siku nyingine ukitaka kunipa kitu, mwanangu, uniulize kwanza kama nakitaka."

Kisha wakarudi kwenye vigoda, kwa kuwa majani yaliyofumuliwa yalikuwa yameanza kukauka, na bado yalikuwa mengi.